Mjumbe Wetu Alisema Ndio au La? Jedwali Langu Halijui

Leo naweka kando mambo ya simu na seva, ingawa tutayapitia njiani, kwa sababu kuna swali moja dogo limenikaa kooni tangu likizo ya Desemba.

Nilikuwa nyumbani. Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na jioni wazee hukusanyika barazani pake kwa kahawa na siasa. Siku hiyo mada ilikuwa sheria ya uhalifu wa mitandaoni, ile iliyofanyiwa marekebisho na Rais akayatia saini tarehe 15 Oktoba 2025, siku ileile nchi ilipopata habari za kifo cha Raila Odinga. Mzee mmoja akauliza, "Na huyu mjumbe wetu, yeye alipiga kura gani?" Kimya. Mjomba akanigeukia. "Wewe si tulikusomesha hiyo tarakilishi miaka minne? Hebu tutolee jina lake hapo, tujue alisema ndio au alisema la."

Nikamjibu kwa maringo, "Mjomba, hiyo ni kazi ya nusu saa."

Ndugu msomaji, nusu saa hiyo haijaisha mpaka leo.

Nilichotaka kutengeneza ni kitu chepesi. Jedwali lenye wabunge upande mmoja na miswada upande wa pili, na kila kisanduku kina jibu moja kati ya manne: ndio, la, hakupiga upande wowote, hakuwepo. Sikutaka miswada yote. Nilitaka ile tu inayogusa uhuru wetu wa kuwasiliana kisiasa, yaani haki ya mwananchi kumsema kiongozi, kuchapisha, kukusanyika, kulalamika na kupata habari. Katika Katiba yetu haki hizo zimepangwa jirani kabisa, kuanzia Kifungu cha 33 hadi cha 38. Baada ya hapo ningehesabu: mbunge fulani amesimama na uhuru mara ngapi, na mara ngapi ameupa mgongo.

Nikapakua Hansard, taarifa rasmi za Bunge. Zinatolewa kama faili za PDF zilizopangwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Skripti yangu ikahangaika na vichwa vya kurasa vinavyoingia katikati ya sentensi na majina yanayoandikwa leo hivi na kesho vile, lakini hayo ni matatizo ya kawaida ya kazi yetu. Usiku wa pili nilikuwa nimeshapata orodha safi ya wazungumzaji, na eneo bunge la kila mmoja na chama chake. Nani alisimama, alisema nini, alikatizwa na nani. Yote yamo.

Kisha nikatafuta kura. Hapo ndipo nilipokutana na mstari mmoja mfupi, umewekwa kwenye mabano, unajirudia ukurasa baada ya ukurasa: swali likaulizwa, likakubaliwa. Basi. Limekubaliwa na nani? Hakuna jina. Mjumbe wetu hakuwa miongoni mwa waliozungumza, kwa hiyo katika jedwali langu kisanduku chake kilibaki kitupu. Nikadhani skripti imekosea. Nikasoma kwa macho yangu. Skripti haikukosea.

Wengi wetu tumeona jambo hili kwenye runinga bila kulifikiria. Spika anauliza swali. Wanaounga mkono waseme Ndio. "Ndio!" Wanaopinga waseme La. "La!" Spika anapima kwa sikio lake, kisha anatangaza kwamba waliosema Ndio wameshinda. Hiyo ndiyo kura ya sauti. Asiyeridhika anaweza kudai kura ya kuhesabiwa, lakini lazima aungwe mkono na wenzake kufikia idadi iliyowekwa na Kanuni za Kudumu. Wasipotimia, mambo yamekwisha.

Sasa ongeza hesabu hii. Kifungu cha 121 cha Katiba kinasema akidi ya Bunge la Kitaifa ni wabunge 50. Bunge hilo lina wabunge 349 ukimtoa Spika. Kifungu cha 122 kinasema mambo ya kawaida huamuliwa kwa wingi wa waliopo na kupiga kura. Kwa hiyo siku ambayo ukumbini wamo 50 tu, watu 26 wanatosha kutunga sheria itakayobana midomo ya mamilioni. Watu 26 kati ya 349! Na ikipita kwa sauti, hatutajua ni 26 gani, wala hatutajua kama 299 waliobaki walikuwa wanapinga, wanakunywa chai au wako safarini.

Pengine utasema hizi ni taratibu tu, zinamhusu nini mtu wa kawaida. Tuangalie nyuma kidogo.

Tarehe 18 Desemba 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao kilichogeuka vurugu. Karatasi zilichanwa, watu wakasukumana. Kesho yake Rais akatia saini. Humo ndani kulikuwa na kipengele cha kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, mtu anayechapisha habari au picha zinazoweza kuleta hofu kwa umma. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta sehemu nane za sheria hiyo, na kipengele hicho kikiwemo.

Mwaka 2015 kijana mmoja mtengenezaji wa tovuti, mtu wa kazi yangu kabisa, alishtakiwa kwa alichoandika Facebook. Sheria iliyotumika ilikuwa sehemu ya 29 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, iliyoharamisha "matumizi mabaya" ya mfumo wa mawasiliano. Alienda Mahakama Kuu, na tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaifuta sehemu hiyo kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, mtu hawezi kujua kosa linaanzia wapi.

Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni. Ilitiwa saini tarehe 16 Mei, na kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha kwa muda sehemu zake 26. Mwaka 2020 zuio likaondolewa. Marekebisho ya Oktoba 2025 nayo hayakumaliza hata siku kumi kabla ya mahakama kusimamisha baadhi ya maneno yake.

Unaona mtindo? Bunge linapitisha, mwananchi anatafuta wakili, jaji anafuta au anasimamisha. Katika kila hatua ya safari hiyo kuna mtu anayetajwa jina. Jaji anatajwa na hukumu yake inasomwa. Mshtakiwa anatajwa, picha yake inazunguka mtandaoni. Rais anatia saini mbele ya kamera. Wale waliosema "Ndio!" peke yao ndio wanaorudi nyumbani bila jina.

Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kibinafsi. Tarehe 30 Mei 2025 mtengenezaji programu mwenzetu alikamatwa jijini Nairobi. Alichokuwa ametengeneza ni ukurasa wa kumrahisishia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Ukurasa wenye fomu na kitufe. Alilala korokoroni siku kadhaa, akafikishwa mahakamani tarehe 3 Juni, akashtakiwa chini ya sehemu ya 16 ya sheria ile ya 2018, inayohusu kuingilia mifumo ya tarakilishi bila idhini. Tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani ilikataa mashtaka hayo kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote.

Mimi nilikuwa na ukurasa wa aina hiyohiyo, nusu umekamilika, kwenye tarakilishi yangu. Siku niliposikia habari ile niliufunga. Sioni fahari kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliufunga, na sikuufungua tena hadi kesi ilipokwisha. Hivyo ndivyo sheria pana inavyofanya kazi. Haihitaji kumfunga kila mtu. Inatosha kumlaza mmoja korokoroni ili wengine mia moja wafunge tarakilishi zao wenyewe. Ndiyo maana nataka kujua nani aliipigia kura, na nani alisimama akasema hapana, hii itakuja kutumiwa vibaya. Huyo wa pili nataka kumpa kura yangu.

Kwamba rekodi ya majina ina nguvu, hilo hatuhitaji kuhadithiwa. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipigiwa kura ya kuhesabiwa: 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Kabla jua halijatua orodha ya majina ilikuwa kwenye kila simu. Watu ambao hawajawahi kufungua Hansard walijua mjumbe wao yuko upande gani. Wabunge wakalazimika kujieleza kwenye redio za nyumbani, kwa lugha za nyumbani. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia saini.

Najua pia upande wa pili wa siku ile. Watu waliuawa barabarani. Sehemu ya Bunge ikachomwa, na mali za baadhi ya wabunge zikashambuliwa. Kuna wanaosema, na si wajinga, kwamba orodha ya majina ndiyo iliyowaelekeza wenye hasira mlangoni pa watu. Hoja hii naiheshimu. Kuchoma duka la mtu kwa sababu ya kura yake ni uhalifu, na kijana anayeshangilia jambo hilo hajaelewa tunachopigania. Lakini tuulizane, rekodi ilijulikana lini? Siku za mwisho, kwa mswada mmoja, wakati hasira imeshafurika. Kama kila usomaji wa tatu wa kila mswada ungekuwa na majina, mwaka nenda mwaka rudi, kura ingekuwa habari ya kawaida kama matokeo ya mpira. Mwananchi angemuuliza mjumbe wake mapema, barazani, kwa adabu. Siri hukusanya mvuke kama sufuria iliyofunikwa.

Sasa nije kwenye mambo ya kiufundi, kwa sababu hata ukipata majina, kazi haijaisha. Wengine wametutangulia. Uingereza, tangu 2003, kulikuwa na tovuti iitwayo Public Whip iliyochambua kura za wabunge kwa tarakilishi. Waaustralia wakachukua msimbo wake na mwaka 2014 wakaanzisha They Vote For You, ambayo hukusanya kura zinazohusu jambo moja na kuonyesha kila mbunge ameegemea wapi. Inafaa kuitazama Australia kwa sababu Katiba yao haina kifungu kinachotaja uhuru wa kujieleza kama chetu cha 33. Mwaka 1992 Mahakama Kuu yao ndiyo iliyosema kwamba uhuru wa mawasiliano ya kisiasa umo ndani ya Katiba hata kama haujaandikwa, kwa kuwa watu hawawezi kuchagua wawakilishi bila kuzungumza juu yao. Sisi tumeandikiwa kila kitu waziwazi. Wao wanazo kura.

Hata kwao kura nyingi hupita kwa sauti. Ila katika Bunge lao la Wawakilishi, wabunge wakipinga tangazo la Spika, zaidi ya mmoja tu, kura ya majina inapigwa. Wawili wanatosha. Kwetu kizingiti ni kirefu zaidi ya hapo.

Lakini nikiwa mwanaprogramu lazima nikuonye kuhusu asilimia. Kanuni ya Public Whip ilikuwa hivi. Kura nzito: ukikubaliana na msimamo unapata pointi 50 kati ya 50, ukipinga 0, usipokuwepo 25 kati ya 50. Kura ya kawaida: ukikubaliana 10 kati ya 10, ukipinga 0, usipokuwepo 1 kati ya 2. Ina mantiki yake, maana mbunge anaweza kukosa kikao kwa ugonjwa au kazi nyingine.

Tuijaribu na wabunge watatu wa kubuni, kwa kura moja nzito na mbili za kawaida. Mheshimiwa A alikosa ile nzito, akaja mara moja kupigia uhuru kura ya kawaida, akakosa tena. Anapata 36 kati ya 62, yaani asilimia 58. Mheshimiwa B alihudhuria zote tatu, akapinga uhuru kwenye ile nzito, akauunga mkono kwenye zile mbili. Anapata 20 kati ya 70, asilimia 29. Mheshimiwa C hakukanyaga ukumbini hata siku moja. Anapata 27 kati ya 54, asilimia 50.

Umeona? Mtoro amepata nusu kamili, na amemshinda aliyekuja kila siku. Kwa nchi kama yetu, ambako kukimbia kura ngumu ni mbinu inayojulikana, kanuni hiyo ingewapa watoro cheti cha tabia njema. Kwa hiyo jedwali langu halitatoa asilimia. Litaonyesha kura zenyewe, moja baada ya nyingine, na neno "hakuwepo" litaandikwa kwa herufi za ukubwa uleule na "ndio" na "la".

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi. Sheria ya 2018 ina mambo mengi ndani yake. Inaadhibu wezi wa mtandaoni na wanaosambaza picha chafu za watoto. Mbunge aliyesema ndio kwa sababu hiyo, je, nimwandike adui wa uhuru? Nikimwandika hivyo, hiyo ni hukumu yangu, haikutolewa na tarakilishi. Anayechagua kura za kuingiza kwenye jedwali tayari ameshapiga kura yake mwenyewe. Dawa ni moja: kila mswada kwenye orodha uwe na maelezo kwa nini umo, na uwezekano wa kubishiwa. Na ikiwezekana tufuatilie kura za kamati ya Bunge zima, ambako sehemu mojamoja hujadiliwa, maana ndiko sumu huwekwa au hutolewa.

Na Seneti? Huko miswada inayohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe wa kaunti, kura moja kwa kila moja ya kaunti 47. Kwa hiyo hifadhidata inahitaji jedwali la pili. Hilo ni tatizo langu, nitalimaliza.

Mtu atasema: vyama ndivyo vinavyoamua, kwa nini kuhesabu vichwa? Kwa sababu tunachagua vichwa. Jina kwenye karatasi ya kura lina picha ya mtu. Kama anafuata amri ya chama kila mara, rekodi itatuonyesha hivyo, na sisi tutaamua kama tunataka mjumbe au spika ya redio.

Mwingine atasema kuhesabu kura kunapoteza muda. Ukumbi wetu una mitambo ya kupigia kura kwa kielektroniki. Kubonyeza kitufe hakuchukui muda mrefu kuliko hoja za nidhamu tunazozitazama kila Jumatano.

Ninachoomba ni mambo matatu. Kwanza, usomaji wa tatu wa kila mswada uamuliwe kwa kura yenye majina, bila mtu kulazimika kusimama na kudai. Pili, matokeo yatolewe siku hiyohiyo kwenye faili ambayo tarakilishi inaweza kuisoma, safu na mistari, hata mwanafunzi wa kidato cha tatu aweze kuifungua. Tatu, aliyekosa atofautishwe na aliyekuwepo akakataa kuchagua upande. Hakuna hata moja linalohitaji kura ya maoni. Kifungu cha 124 kinalipa kila Bunge kazi ya kutunga Kanuni zake za Kudumu. Wakitaka, ni suala la wao kukaa na kuamua.

Sisi pia tuna deni. Mzalendo ilianza katikati ya miaka ya 2000, wakati mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi, kazi ya Ory Okolloh na Conrad Akunga walioamua kufuatilia Bunge kwa mikono yao. Miaka ishirini baadaye tuna simu za kisasa, tuna vijana waliohitimu kila chuo, na bado kuhusu kura tunategemea sikio la Spika.

Niliandikia ofisi ya mjumbe wetu barua pepe, nikauliza moja kwa moja. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: Mheshimiwa husimama na wananchi daima. Nimelihifadhi, ila sikupata kisanduku cha kuliweka.

Juzi nikampigia mjomba simu kumweleza kwamba jina nimelikosa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hapa dukani anayekopa kilo moja ya misumari jina lake liko kitabuni. Hawa wanakopa mdomo wangu na hawaandikwi?"

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo watapita kwenu wagombea, wapya na wa zamani, na fulana na ahadi za barabara. Muulize kila mmoja swali hili tu, mbele ya watu: utaunga mkono kanuni ya kuandika majina katika kila usomaji wa tatu? Andika jibu lake na tarehe. Mimi jedwali ninaliendeleza, na safu ya kwanza nimeshaiandaa kwa ajili ya majibu hayo. Ukurasa wangu wa barua pepe nao nimeufungua tena.

Tupo pamoja.